Bangili Uivaayo, Nani Ameitengeneza?

Msomaji mpenzi, tazama mkono wako, au mkono wa mama aliyeketi karibu nawe. Huenda pana bangili. Je, wajua ni nani aliyeitengeneza? Kama ni ya plastiki iliyonunuliwa dukani, hapana atakayeweza kukujibu, wala mwenye duka mwenyewe. Imetoka kiwandani ng'ambo, pamoja na nyingine maelfu zinazofanana nayo kama punje za mtama. Lakini kama ni ya waya wa shaba uliosokotwa, au ya pembe ya ng'ombe, au ya ushanga uliotungwa mmoja mmoja, basi yuko mtu. Ana jina lake, ana nyumba yake, na pengine ana watoto wanaongojea madaftari ya shule. Juma hili twataka kuzungumza habari za watu wa namna hiyo katika Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili ambazo mpaka mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja.

Najua wengine watasema: Karagwe ni nchi ya ndizi, maharage, kahawa na ng'ombe, mambo ya mapambo waachie Wamasai na watu wa pwani. Kusema hivyo ni kusahau. Nchi hii ilikuwa na mafundi wa kusifiwa kabla ya mzungu wa kwanza kukanyaga hapa, na tuanze na hao, maana hapo ndipo mafundi wengi wa leo wanapoweza kuchota mawazo yao.

KATIKA HAZINA YA RUMANYIKA

Mwezi Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mkama Rumanyika wa Karagwe. Walipokewa vizuri sana, na Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, akakaa hapa miezi kadhaa mwenzake alipotangulia kwenda Buganda. Mwaka 1876 akaja Stanley naye. Rumanyika akamwonyesha nyumba alimoweka vitu vyake vya thamani, na Stanley akaandika katika kitabu chake yale aliyoyaona: sanamu za bata zipatazo 16 za shaba ya manjano, zenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu kumi za mfano wa pofu, ng'ombe kumi wa shaba wasio na vichwa, tena mundu na mikuki ya chuma iliyofuliwa kwa uzuri hata mgeni yule, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, akasifu.

Vitu hivyo havikuwa vya kuuza wala vya kuvaa. Vilikuwa alama za ufalme. Wazee husimulia kwamba vingi vilitengenezwa zamani za Ndagara, babaye Rumanyika, na kwamba Mkama huyo mwenyewe alikuwa mhunzi. Wala si ajabu. Katika falme za nchi hizi za maziwa makuu nyundo ilikuwa miongoni mwa alama za mfalme, kama fimbo na ngoma. Mfua chuma, ambaye Wanyambo humwita omuheesi, hakuwa mtu wa kudharauliwa.

Na chuma chenyewe ni cha kale mno katika mkoa wa Kagera. Mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alichimbua huko Katuruka, karibu na Bukoba, mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma ambazo umri wake umepita miaka 2,000. Mnamo miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wakikumbuka kazi ile walijenga tanuru tena mbele ya macho yake, wakavukuta mivukuto, wakatoa chuma. Mwaka 1978 habari hiyo ikatangazwa ulimwenguni.

Shaba ni habari nyingine. Hiyo ililetwa. Ilipanda toka pwani hadi Tabora, na toka Tabora hadi Kafuro, kituo cha wafanya biashara Waarabu kisichokuwa mbali na Bweranyange, makao ya Mkama. Ilikuja katika mizigo ya masango, yaani waya nene zilizokunjwa, pamoja na nguo na ushanga. Ushanga nao ulikuwa na mambo yake: kila nchi ilikuwa na rangi iliyoipenda, na kila rangi ilikuwa na jina, kama samesame ile nyekundu. Mfanya biashara aliyekosea rangi aliweza kukaa na mzigo wake mpaka akachoka, kwa kuwa mabibi wa bara hawakuwa tayari kuvaa kitu kwa sababu tu kimetoka mbali.

Tena mafundi wa bara hawakuyaacha masango yale yalivyokuja. Waliyapasha moto na kuyafua, kisha wakayavuta katika chamburo. Chamburo ni bamba la chuma lenye matundu, kila tundu jembamba kuliko jingine. Waya hupitishwa katika tundu pana kwanza, halafu katika linalofuata, mpaka uwe mwembamba kama uzi. Waya huo mwembamba katika Kiswahili cha zamani waitwa nyerere. (Usiufananishe na jina la Mwalimu; lile ni la Kizanaki, na maana yake ni viwavi.) Nyerere ilizungushwa juu ya nywele za mkia wa twiga au wa ng'ombe, ikawa pete laini ya mguuni iliyoitwa sambo. Mwanamke aliweza kuvaa sambo nyingi katika mguu mmoja, na ulimsikia akija kabla hujamwona.

WAYA, PEMBE, MBEGU NA KARATASI

Mafundi wa leo hawana mtaa wao, na ubao wenye jina ni nadra. Ukifika Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo siku ya soko, usitazamie kuona duka la sonara kama la mjini Mwanza. Fundi wa namna hii kwa kawaida ana kazi mbili. Huyu hufua majembe na visu, na bangili hutengeneza akitakiwa. Yule hushona nguo kwa cherehani, na jioni, kazi ya nyumbani ikiisha, hutunga ushanga. Hapana bwana juu yake wala mshahara mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu huna budi kumtafuta kwa kuuliza.

Ukimpata anayefanya kazi ya waya, mwombe akuache utazame. Utaona jambo ambalo watu wengi hawalijui: shaba ikipigwa au kukunjwa mara nyingi huwa ngumu, na mwisho hukatika. Basi fundi huirudisha motoni mpaka iwe nyekundu, huiacha ipoe au huitia majini, nayo hulainika tena kama mwanzo. Chuma kigumu kikitiwa majini huzidi kuwa kigumu, shaba sivyo. Anayejua hivyo aweza kusokota waya tatu kama ukili, kuzipiga kidogo ziwe bapa, na kupata bangili isiyovunjika miaka mingi.

Lakini kazi inayonipendeza kuliko zote ni ile ya pembe, nami sioni haya kusema kwamba naipendelea. Nchi hii ina ng'ombe wenye pembe ndefu, ndugu zao wale wa Ankole ng'ambo ya mto Kagera. Ng'ombe akichinjwa, pembe mara nyingi hutupwa. Huko Uganda mafundi wamekwisha kuifanya mali: vikuku, vipuli, vifungo vya mashati na hata vijiko. Hapana sababu ya pembe za Karagwe kuoza jalalani.

Pembe ikitoka machinjioni ina mfupa ndani, na mfupa huo unanuka. Fundi huiloweka siku nyingi au huichemsha mpaka mfupa uachie, akauvuta. Kisha hukata kwa msumeno mwembamba. Upande wa chini, ulio na uwazi, hutoa bangili na pete. Ncha, iliyo ngumu kote, hutoa vipuli na shanga nene. Akitaka kipande bapa, huipasua pembe, huichemsha mpaka ilainike, maana pembe ni ya jamii moja na kucha zako, halafu huibana kati ya mbao mbili mpaka ipoe. Baada ya hapo huja kazi ya kusugua, na hiyo ndiyo inayokula siku. Huanza na msasa wa kukwaruza, humalizia na ule laini kabisa, mwisho hupaka mafuta kidogo na kufuta kwa kitambaa. Wazee walitumia majani ya mti uitwao msasa, ambayo hukwaruza kama ulimi wa paka, na karatasi ya dukani imerithi jina la mti huo. Vumbi la pembe si zuri kifuani, kwa hiyo fundi mwenye akili hujifunga kitambaa puani na mdomoni.

Pembe mbili hazifanani. Moja ni nyeusi tii, nyingine ya kahawia yenye mawingu, nyingine nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Hapo ndipo utakapomtambua fundi hodari: vipuli vya jozi moja atakuwa amevikata katika pembe moja, mahali palipopakana, ili mistari ya huku ijibiwe na mistari ya huku.

Wasio na msumeno wala tanuru hutumia yaliyopo. Mbegu za mtasubihi, zile za kijivu zing'arazo, zina tundu la asili toka juu hadi chini. Ndizo zilizotumika kutungia tasbihi na rozari, na hufaa mkufu vilevile. Ila jihadhari, mama, na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, mbegu za mtipitipi. Ni nzuri kwa macho, lakini ndani yake mna sumu kali. Mtoto akiitafuna moja aweza kupata hatari ya kufa, na mwenye kuitoboa kwa sindano naye asijichome kidole. Mkufu wa mbegu hizo usiuvalishe mtoto kamwe, hata kama umeuzwa kwa bei ya kutupa.

Kuna na shanga za karatasi. Kalenda ya mwaka uliopita hukatwa vipande virefu vyenye ncha kama mkuki, kila kipande huzungushwa juu ya sindano nene, hutiwa gundi, kisha vanishi. Ufundi huu ulienea sana kwa akina mama wa Kampala, hasa baada ya mwaka 2004, shirika la BeadforLife lilipoanza kuwatafutia wanunuzi Marekani. Karatasi ya gazeti kama hili haifai sana, kwa kuwa ni nyepesi na rangi yake hufifia. Kwa hiyo lisome kwanza, halafu lifungie sukari.

Labda utauliza: mawazo ya sura na rangi huyatoa wapi? Mengine yapo mbele ya macho. Mviringo wa pembe ya ng'ombe wa hapa tayari ni bangili nusu. Mapambo ya vikapu, yale mafundo meusi na mekundu yapandayo kwa upande, huweza kuhamishwa katika ushanga bila kubadilisha hesabu, kwa maana mama aliyezoea kuhesabu ukili hapati taabu kuhesabu shanga. Na buni! Zamani watu wawili wakifanya undugu wa damu walitafuna buni mbili zilizotoka katika tunda moja, kila mmoja yake. Mbegu mbili, ganda moja. Sijui jambo jingine la nchi hii lililo tayari zaidi kuwa jozi ya vipuli au pete za bwana na bibi arusi, na fundi atakayelishika vizuri hatakosa wateja. Na wale bata wenye mabawa mekundu wa Rumanyika je? Kwa nini mtoto wa Bweranyange anunue kipuli chenye mnara wa Paris?

HABARI YA BEI

Sasa twende kwenye jambo linalouma. Watu husifu kazi ya mikono kwa maneno, halafu hubishana bei kana kwamba fundi ameokota bangili njiani. Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Tuseme mama mmoja ametunga mkufu. Ushanga umemgharimu shilingi 4,000, uzi na kifungo 1,000, nauli ya pikipiki kwenda sokoni na kurudi 3,000. Jumla 8,000. Kazi imemchukua siku mbili. Anataka 15,000, akiipata, amebakiwa na 7,000, yaani 3,500 kwa kila siku ya kazi. Wewe unamwambia, "Mama, nifanyie 9,000." Akikubali, umemlipa shilingi 500 kwa siku, naye amekubali kwa sababu mtoto yuko nyumbani na chumvi hakuna. Sisemi usiombe kupunguziwa; soko bila mazungumzo si soko. Nasema hesabu kwanza.

Kuna na mchezo wa kukopa. "Nitakulipa tukiuza kahawa." Fedha nyingi huingia vijijini wakati wa mavuno ya kahawa, na miezi mingine mifuko ni mikavu. Fundi anayekopesha watu kumi huishiwa waya, na asiye na waya hana kazi. Kama huna fedha zote, lipa nusu ya mbele ili anunue vifaa. Siku hizi hata simu yaweza kupeleka nusu hiyo.

Msaada upo, lakini haumfikii kila mtu. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973, na kazi yake ni kuwafundisha na kuwashauri watu kama hawa. Tena sheria yataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ugumu wake ni huu: kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na fundi wa pembe ni mtu wa peke yake. Akijiunga na wenzake wasiojua kazi yake, deni lao laweza kumwangukia, asipojiunga, hapati. Kwa maoni yangu afadhali aungane na mwenye waya na mwenye ushanga, kila mmoja akabaki na kazi yake na kitabu chake cha hesabu, kuliko kujiunga na kundi la kila jambo.

MAMBO YA KUANGALIA

Ukinunua, uliza shaba imetoka wapi. Wako wezi wanaokata nyaya za umeme na kuuza shaba yake, na kijiji kikabaki gizani, zahanati ikiwamo. Fundi mwaminifu ataweza kukuambia: mota iliyoungua, bomba la zamani, kipande alichonunua kwa risiti. Wala asichome ngozi ya plastiki ya nyaya uani kwake. Moshi wake una sumu, nao waingia katika mapafu ya watoto wake kwanza. Ngozi hiyo hukwanguliwa kwa kisu.

Nywele za twiga au za tembo, kucha na meno ya wanyama wa porini, pembe za ndovu: hayo yote yaache. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwa na nyara bila kibali, na "nilikuta sokoni" si jibu mbele ya hakimu. Hapa kwetu neno hili lina uzito zaidi, maana tangu mwaka 2019 Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa ni hifadhi za taifa. Mkia wa ng'ombe wafaa kwa sambo vilevile.

Masikio yakiwasha baada ya kuvaa vipuli vya bei rahisi, pengine vina nikeli. Vivue, usitie dawa juu yake. Shaba ikiacha rangi ya kijani mkononi, usiogope, huoshwa kwa sabuni, na bangili yenyewe husuguliwa kwa ndimu na majivu. Lakini usiinunue kwa kuambiwa kwamba inaponya baridi yabisi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliwapima wagonjwa 70, na mwaka 2013 wakatangaza kuwa shaba haikupunguza maumivu kuliko bangili nyingine zisizo na shaba. Ivae kwa uzuri wake, na mwenye maumivu aende hospitali.

Ukitaka kuagiza kwa ajili ya arusi, usiende juma moja kabla. Mpe fundi mwezi mzima, na zaidi kama ni pembe. Nenda na kipimo. Kwa bangili isiyofunguka, kunja kidole gumba ndani ya kiganja kana kwamba unataka kupita tundu dogo, zungusha uzi mahali palipo panene kuliko pote, kata hapo. Kwa pete, pima jioni, mwili ukiwa na joto, kwa kuwa asubuhi ya baridi ya Karagwe vidole husinyaa. Funga nyuzi hizo mbili katika karatasi, andika jina la mvaaji juu yake, na mpelekee fundi pamoja na ile nusu ya fedha.